Bandama la Panya, Bandama la Mwanangu

Nilianza kuwashuku panya kabla sijamshuku binadamu yeyote. Baadaye niliwashuku wote, mmoja baada ya mwingine, na wapo ambao mpaka leo sijawaachia.

Kazi yangu ilikuwa kubadilisha pumba. Kulikuwa na mradi wa utafiti uliopanga ghala la zamani la mpunga ng'ambo ya reli. Walilipaka rangi nyeupe, wakatia viyoyozi na jenereta, halafu wakaleta panya weupe wenye macho mekundu kutoka sijui wapi. Ifakara panya hatujawahi kukosa, kwa hiyo watu walicheka sana. Mama mmoja anayeuza maandazi karibu na geti aliniuliza, "Hivi wa kwetu wana kasoro gani mpaka waletwe wa kupanda ndege?" Nikanunua andazi, nikapita. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilikuwa na mtoto, na nilikuwa natafuta kazi. Nikapewa hiyo. Kila asubuhi natoa pumba chafu kwenye vizimba, naweka mpya, naosha chupa za maji, naondoka.

Pumba zenyewe zilitoka kwenye mashine za kukoboa hapa hapa mjini, zile zile tunazochomea matofali na kutandika kwenye mabanda ya kuku. Zinakuja kwenye magunia, panya wanazilalia, wanazikojolea, kisha zinarudishwa kwenye magunia na kupelekwa kwenye tanuri la nyuma zikachomwe.

Mkuu wetu alikuwa mwanamke msomi kutoka kaskazini, hakunizidi umri sana. Wote tulimwita Daktari, ingawa sikuwahi kumwona akimtibu mtu. Siku za mwanzo alinieleza kazi inahusu nini. Watoto wa panya wakiwa bado wekundu, hawajaota hata manyoya, wanachomwa virusi. Virusi hivyo vinawaletea saratani ya damu. Nikauliza kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: mnawapa ugonjwa makusudi? Akasema ndiyo, makusudi. Kisha baadhi yao wanachomwa sindano ya pili, yenye kingamwili, yaani askari wa mwili waliotengenezwa tayari. Wale wasiopata hiyo ya pili wanakua vizuri tu wiki kadhaa, wanacheza, wanakula, mpaka unasahau kwamba wana kitu. Halafu siku moja unamkuta mmoja amekunja mgongo kwenye kona. Manyoya yamesimama. Masikio yake, ambayo kwa panya mzima ni ya waridi, yamekuwa meupe kama karatasi. Waliopata sindano ya pili wanaishi.

"Na linalotushangaza ni hili," Daktari alisema. Akizungumzia kazi yake alikuwa anasahau kwamba mimi ni mtu wa pumba. "Zile kingamwili tulizowachoma zimekwisha mwilini zamani. Lakini ukiwapima, wanazo za kwao wenyewe. Mwili umefundishwa, ukaelewa. Na majike wakizaa, wanawapa watoto kinga hiyo kwenye maziwa."

Siku moja alimpasua mmoja aliyekufa, akaniita nione. Bandama la panya mzima ni kitu kidogo, chembamba. La yule lilikuwa nene kama kidole changu cha mwisho, jekundu la kuiva, limejaa upande wote wa kushoto mpaka matumbo yamesukumwa kando. Daktari alilishika kwa koleo akaliinua kwenye mwanga. Mimi nilisema "aisee" nikarudi kwenye vizimba vyangu. Sikujua kwamba macho yangu yameshajifunza kitu ambacho hayatakisahau.

Sasa niseme mwanangu alikuwa wapi.

Huku kwetu mvua zikianza, mji unapungua watu. Wanahamia mashambani, wanakaa kwenye vibanda vya nyasi mpaka mavuno. Mpunga ukishaanza kutia maziwa, ndipo kazi ya kuamia ndege inaanza. Mtu anapanda dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mpunga, na kutwa nzima anapiga makelele na kurusha udongo kwa kombeo. Ukishuka kwenda kunywa uji ukakawia, ndege wamekula gunia zima. Mama mkwe wangu ana shamba upande wa Mofu, karibu na mto. Mume wangu yuko Mngeta kwenye lile shamba kubwa, anaendesha trekta. Mimi niko kwa panya, na kule mtoto haruhusiwi hata kuchungulia getini. Kwa hiyo bibi yake ndiye aliyemchukua.

"Mume wangu naondoka naye," alisema mama mkwe, maana ndivyo anavyomwita mjukuu wake. "Wewe baki na wakwe zako wa mikia mirefu."

Walirudi mjini Pasaka. Mchana, nimemkalisha mwanangu kwenye beseni uani namwogesha, yeye anapiga maji na kunisimulia habari za kiboko aliyemsikia akikoroma mtoni. Mkono wangu wenye sabuni ukashuka chini ya mbavu za kushoto ukagonga kitu. Kigumu, chenye ukingo, kama ukingo wa sahani iliyofichwa chini ya ngozi. Nikarudisha mkono. Kipo.

Nikamgeuza kwenye jua nikamtazama masikio. Sijui ni mama gani mwingine duniani ambaye angeanza na masikio. Jua lilipita ndani yake na hayakuwa na wekundu wowote.

"Mama, unanivuta," akasema.

Ndipo nikaona na chale. Mistari midogo ya wembe juu ya lile gumu, imeshaanza kupona, imepakwa kitu cheusi. Mama mkwe alikuwa ameketi kibarazani anachambua mboga.

"Mama, hii nini?"

"Bandama," akasema bila kuinua kichwa. "Nimemchanja."

"Kwa wembe gani?"

"Wembe mpya. Unadhani mimi nimezaliwa juzi?"

"Nani kakuruhusu?"

"Nani aliniruhusu kumchanja baba yake? Yuko Mngeta anaendesha trekta. Amekufa?"

Nilimpigia simu huyo asiyekufa. Trekta lilikuwa linanguruma nyuma yake, ikabidi nipige kelele mtaa mzima usikie. Nikamwambia bandama, nikamwambia chale, nikamwambia masikio, nikamwambia panya. "Sasa unamlaumu mama au unawalaumu panya?" akauliza. "Chagua mmoja, bosi anakuja." Nikamkatia.

Lakini hakuwa amekosea. Nilikuwa na washukiwa wengi na sikujua nianze na yupi. Mama mkwe na wembe wake nilimwona kwa macho. Panya sikuwaona wakifanya lolote, na ndio waliozidi kunitia hofu. Kwa sababu kabla mwanangu hajaenda shamba, nilikuwa nimebeba gunia moja la pumba kutoka kazini nikatandika banda la kuku. Pumba safi, gunia halijafunguliwa, limesimama koridoni, wameagiza mengi. Na mwanangu akawa anashinda humo bandani, anajifukia miguu, anawatafutia kuku mayai. Kisha akaenda shamba, na kwa muda mzima nilikuwa naambiwa kwenye simu kwamba anacheza, anakula, hana neno.

Wiki kadhaa vizuri tu. Halafu kona, na mgongo uliokunjwa.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mwenzangu wa zamu uani kazini, kijana wa Kisukuma, yeye ndiye aliyekuwa anapeleka uchafu tanurini. Nikamuuliza kama kwa kupita tu, "Yale magunia ya pumba chafu, unayachoma?"

"Nachoma pumba. Gunia nalikung'uta."

"Unalikung'uta halafu?"

"Halafu linarudi mashineni, linajazwa, linakuja tena. Magunia siku hizi unayapata wapi, dada? Msimu wenyewe huu." Akanitazama. "Kwani panya wamelalamika?"

Sikucheka. Yeye alicheka peke yake mpaka akaona uso wangu, akaacha. Kwa hiyo pumba zilikuwa mpya na gunia halikuwa jipya. Hakuna mtu aliyemtuma afanye hivyo na hakuna mtu aliyemkataza. Ifakara yote inakung'uta magunia. Mimi mwenyewe ningekung'uta.

Nikaenda kwa Daktari na aproni yangu hivyo hivyo.

"Shikamoo Daktari. Virusi vya panya vinaweza kumpata mtoto?"

"Mtoto wa panya?"

"Mtoto wa mtu."

Akaweka kalamu chini. Akasema hapana. Akasema kila kirusi kina mlango wake kinaoujua, na hivi vyetu vinajua kufungua chembe za mwili wa panya tu, za binadamu havina ufunguo wake.

"Nani amejaribu?"

"Hakuna anayejaribu kitu kama hicho kwa mtu, dada yangu."

"Basi mnajuaje?"

Akaeleza kwamba wanajaribu kwenye chembe za binadamu zinazofugwa kwenye visahani, na kwamba watu wamefanya kazi na panya hawa miaka mingi, wanang'atwa, wanajichoma sindano kwa bahati mbaya, na hawaugui. Alieleza taratibu na vizuri. Nilianza kupumua. Ndipo nikamwambia habari ya gunia.

Uso wake ukabadilika. Nimeshaona watu wakipata hofu, najua hofu ya mtu anayemhurumia mtoto wako inakaaje usoni. Ile haikuwa hiyo.

"Gunia limetoka hapa? Lini? Nani mwingine anajua?"

"Daktari, nimekuja kuuliza habari za mtoto."

"Najua. Najua. Samahani." Akasimama, akaketi. "Mlete hapa. Tutamtoa damu kidogo tuiangalie."

"Mtaiangalia ya nini, kama havina ufunguo?"

"Ili utulie."

"Nitulie mimi au utulie wewe?"

Mimi nimeona damu inavyotolewa mle ndani, nimeona vichupa vinavyoingia kwenye friji na kupewa namba. Nikajiona nikimleta mwanangu kwenye mlango ule mweupe, nikaona chupa yake inapewa namba. Nikavua aproni nikaikunja nikaiweka mezani kwake. Mwanangu nikampeleka hospitali.

Mama mkwe naye alikuja, nimtake nisimtake. Tulikaa kwenye benchi bila kusemezana, mtoto katikati yetu, anamlalia yeye. Tabibu aliyetuona alikuwa kijana mwenye adabu. Alimlaza mwanangu kitandani, akapapasa lile gumu, akaziona chale. Akamfunua jicho chini, akatazama. Kisha hakunigeukia mimi, akamgeukia bibi.

"Shikamoo bibi. Homa zilianza lini?"

"Marahaba. Homa za kawaida tu. Zinakuja, nampa dawa mseto, zinaenda."

"Unampa mpaka zinakwisha?"

"Zikwishe za nini? Akishainuka akaomba ugali, nazibakiza. Homa ikirudi nitazitoa wapi, na mto umejaa?"

Na hapo akafungua fundo la kanga yake, akatoa kijikaratasi cha dawa, kimekatwa nusu, vidonge vimebaki, akakiweka mezani kwa fahari kabisa, kama mtu anayeonyesha akiba yake. Tabibu alikitazama. Mimi nilikitazama. Kule shambani kote wanafanya hivyo. Kituo cha afya kiko mbali, maji yanakata njia, mtu akipata dozi moja anaigawa iwe mbili au tatu. Mimi mwenyewe nimelelewa na nusu dozi.

"Imerudi mara ngapi, bibi?"

"Si nimekwambia inakuja inaenda."

Majibu ya maabara yakasema malaria. Wote wawili wakashusha pumzi, tabibu na mama mkwe, kama waliokuwa wamekubaliana tangu nyumbani. Mimi sikushusha. Malaria ni jibu jepesi mno bonde hili. Kila mtu analo, kila mtu analitegemea, ukilisema hakuna anayekuuliza swali la pili. Ningekuwa na la kuficha, ningelificha humo humo.

Nikaenda kwenye dirisha la maabara. Kulikuwa na baba mmoja wa makamo, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo baba. Hii damu uliyopima ni ya mwanangu?"

"Marahaba. Ya nani sasa, mama?"

"Kwenye trei yako kuna vioo vingi. Nataka umtoe tena, mimi nikiangalia."

"Mtoto ameshalia mara moja."

"Atalia mara ya pili."

Akavua miwani. "Wewe unafanya kazi wapi?"

"Kwa panya."

"Aaa," akasema, kama vile hilo linaeleza kila kitu, akafungua mlango.

Nilimshika mwanangu mkono mwenyewe. Alipiga kelele mpaka watu wa benchini wakasimama. Tone likadondoka kwenye kipande cha kioo, na tangu hapo jicho langu halikuondoka kwenye kile kioo. Baba yule akikiweka kikauke, nami nimesimama. Akikimwagia rangi, nami nimesimama. Akisogea kwenye sinki, nami nyuma yake. "Ungekuwa polisi ningeshaungama," alisema. Akakiweka chini ya hadubini, akarekebisha, akanipisha.

Nikaona zambarau na kitu kama nyasi nyeusi.

"Unaona?"

"Naona nyasi."

"Hizo kope zako. Rudi nyuma kidogo. Usilibane jicho."

Ikafunguka. Duara nyingi nyingi zilizofifia, na ndani ya baadhi yake kitu kama kipete chembamba chenye nukta upande mmoja. Akasema duara ni chembe nyekundu za damu na vipete ni malaria. Nikasogeza alivyonionyesha, nikaviona tena, na tena.

"Na chembe nyeupe ziko wapi?"

"Ile kubwa iliyokolea rangi. Umeiona?"

"Ni moja tu."

"Sogeza. Nyingine ile pale."

"Ingekuwa saratani ya damu ningeona nini?"

Hakuuliza nimelitoa wapi neno hilo. "Zingekuwa zimesongamana kama watu mnadani, na nyingi hazijakomaa. Hapa unaona wapita njia tu."

"Una uhakika?"

"Kwa kioo hiki, ndiyo. Tutamtibu malaria mpaka iishe, tutamwongeza damu kwa dawa. Bandama lisiporudi nyuma, tutampeleka mbele wakaangalie zaidi. Kukuapia siwezi, mama."

Katika watu wote niliokutana nao wiki ile, huyo ndiye niliyemshuku kidogo kuliko wengine, na ni kwa sababu alikataa kuapa.

Nilipotoka, mwanangu alikuwa mapajani kwa bibi yake. Akaniona nakuja. Akachukua mkono ambao haukuchomwa, akauficha nyuma ya mgongo wa bibi. Sikumlaumu. Nikaketi mwisho wa benchi, nikawa nalia kwa hasira, na mama mkwe akawa ananitazama kwa pembeni bila kuniambia ninyamaze.

Walitulaza, maana damu ilikuwa chini. Dawa zote nilimpa kwa mkono wangu, na kila kidonge nilisubiri nione koo likipanda na kushuka. Mama mkwe alisema ninamlisha mtoto kama ninayempa sumu. Nikamwambia yeye alikuwa anamlisha kama anayempa pipi. Mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika shuka akicheka.

Daktari wa panya alitukuta wodini, amebeba mfuko wa mapera. Sikumwita. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akamuuliza mwanangu hali, mwanangu akaficha mikono yote miwili. Akaniuliza majibu, nikamwambia. Akafumba macho kidogo.

"Nikuulize," nikasema. "Panya wako wanawapa watoto kinga kwenye maziwa. Mimi nimemnyonyesha huyu miaka miwili na zaidi. Yangu yalikuwa maji?"

"Hapana. Uliyokuwa nayo ulimpa, na alipokuwa mchanga ilimsaidia. Lakini ya mama huwa inaisha, na kwa malaria mwili unachelewa sana kujifunza kutengeneza ya kwake. Mbu hawamsubiri. Ndiyo maana tunatafuta namna ya kuufundisha mwili mapema."

"Mnaufundisha wa panya."

"Tunaanzia kwa panya."

"Na Mofu mnafika lini?"

Akanyamaza, na afadhali alinyamaza, maana pera lilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nafikiria mle ghalani, umeme ukikatika jenereta inavyowaka kabla hujamaliza kusema loo, ili panya wasipate joto. Nilikuwa nafikiria neti ya kibanda cha shamba, ambayo ina tundu la kupita kuku. Sikumwambia. Angenijibu vizuri na taratibu, na sikutaka kujibiwa vizuri.

Alipoinuka kuondoka akauliza, "Lile gunia bado lipo?"

"Nimelichoma. Na pumba. Na banda lenyewe."

"Sawa." Akafika mlangoni, akarudi hatua moja. "Usimweleze mtu mwingine, tafadhali. Watu wataogopa bure."

Neno hilo, tafadhali, nimeligeuza mpaka limechakaa. Kuna siku nasema alikuwa mtu mwenye hofu ya kupoteza kazi, kama sisi wengine. Kuna siku nasema mtu asiye na la kuficha hasemi tafadhali namna ile. Virusi havina ufunguo, nakubali, nimeona kioo kwa jicho langu. Lakini kioo kilionyesha kilichokuwepo siku ile tu.

Tuliporuhusiwa, tabibu alitupa dawa ya kuongeza damu, ya kila siku, na akasema tumrudishe mavuno yakianza apimwe tena bandama. Mama mkwe alikuwa ameshafunga mzigo.

"Ndege hawajui kama tulikuwa wodini," akasema. "Jirani anaamia la kwake, langu analipigia mluzi tu. Mume wangu, twende."

"Haendi," nikasema.

"Abaki na nani? Na wewe, kwa panya?"

Swali lilikuwa la haki na ndilo lililonichoma zaidi. Nilikuwa nimemshuku, nimemfokea mbele ya watu, na bado hakukuwa na mtu mwingine katika mji mzima ambaye ningemwachia mwanangu nikaenda kazini. Na yeye sikuweza kumwachia. Aproni nilikuwa nimeiacha, lakini kazi sikuwa nimeiaga, kwa hiyo nikampigia Daktari nikaomba ruhusa mpaka mavuno. Akasema anaelewa sana, lakini nafasi haiwezi kusubiri muda wote huo. Nikamwambia isisubiri.

Tukaenda watatu, kwa bodaboda mbili na kisha kwa miguu pale njia ilipokuwa bado na maji. Nilibeba neti mpya na dawa. Mama mkwe alibeba mtoto, maana mtoto alikataa mgongo wangu.

Kazi ya dungu sijawahi kuipenda. Jua lote lako, sauti inakauka, na ndege wanakusoma kabisa wajue umechoka saa ngapi. Siku za mwanzo mama mkwe na mimi tulizungumza kupitia kwa mtoto. Mwambie mama yako kombeo halishikwi hivyo. Mwambie bibi yako nimeshika makombeo kabla sijamjua yeye. Neti niliichomeka mwenyewe kila pembe chini ya mkeka, naye akaikagua nyuma yangu, nami nikaikagua nyuma yake. Dawa nilizifunga kwenye fundo la kanga yangu, si lake, na aliliona hilo.

Asubuhi moja tuko juu ya dungu, nimempa mwanangu kidonge chake na maji.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Unamkagua kama mwizi," mama mkwe akasema.

"Namkagua kama mgonjwa."

Nikamlaza, nikapapasa chini ya mbavu. Ule ukingo ulikuwa umesinyaa, umerudi juu mbavuni, nilikuwa sina shaka, au nilikuwa nataka nisiwe na shaka. Nikabonyeza tena. Akausukuma mkono wangu, akaketi.

"Sasa zamu yenu," akasema. "Bibi, lala."

"Mume wangu, ndege hao."

"Lala, bibi."

Mama mkwe akalala kwenye fito, kanga imefunika uso kwa ajili ya jua. Mwanangu akapeleka vidole vyake vidogo chini ya mbavu za kushoto, akabonyeza, ulimi umetoka nje kwa makini. Mama mkwe akaguna kwa kutekenywa.

"Bibi huna."

Akanigeukia. Nikalala pale alipotoka mama mkwe, fito bado zina joto lake. Akabonyeza kwa nguvu kuliko alivyombonyeza bibi yake, akanitazama usoni, akabonyeza tena.

"Mama huna."

Kisha akainua shati lake. Ndege walikuwa wameshatua upande wa mto, tulikuwa tunasikia kelele zao, na hakuna aliyeshika kombeo. Akajipapasa polepole, akahamisha vidole, akavirudisha.

"Mimi ninalo," akasema. "Dogo."

Mama mkwe akanitazama, si kwa pembeni. Nikanyoosha mkono, naye akanyoosha wake, na mwanangu akatushika vidole vyote viwili akavipeleka mahali penyewe ili tusikosee.